Mbwa Awindaye kwa Macho

Kwa miaka kumi na tisa kazi ya Emerensiana Ndunguru ilikuwa kuona. Alikaa kwenye meza ndefu ya kuchambua kahawa pamoja na wanawake wenzake wapatao sitini, punje zikipita mbele yao kama maji ya mfereji, na vidole vyake vikadaka zile mbovu: iliyotobolewa na mdudu, iliyovunda, iliyokatwa na mashine. Wenzake walipiga soga na kuimba nyimbo za kwaya. Yeye pia aliimba, lakini macho hayakuondoka mezani. Msimamizi wao alizoea kusema kwamba ukitaka kumficha Emerensiana punje nyeusi, uifiche mfukoni mwako, tena uufunge mfuko kwa sindano.

Kisha mambo yakabadilika. Serikali ikaruhusu watu binafsi kununua kahawa, chama cha ushirika kikaanza kuyumba, na mwaka elfu moja mia tisa tisini na tano wachambuaji wengi wakaambiwa wapumzike. Emerensiana alikuwa na miaka arobaini na minane. Alikunja khanga yake ya kazini, akapanda kilima kurudi kwa mumewe, Wendelin, kwenye shamba lao juu ya barabara iendayo Mbamba Bay, akashika jembe.

Hakulishika kwa muda mrefu. Msimu ulipofunguliwa, Mbinga ilijaa wanunuzi wapya, na mmoja wao alikuwa mzee wa Kigiriki aliyezaliwa Moshi, akiongea Kiswahili kizuri kuliko vijana wengi wa mjini. Aliitwa Bwana Kosta. Alikuwa muonjaji: kazi yake kukaanga sampuli, kuzisaga, kuzionja na kusema kahawa ya kilima gani ifungwe na ya kilima gani. Alihitaji mtu wa kumchambulia sampuli hizo. Akauliza mjini, na kila aliyeulizwa akamtajia jina moja.

Siku ya kwanza Emerensiana alipofika kwenye nyumba aliyopanga Bwana Kosta, alikuta kitu kimesimama barazani. Alidhani ni mtoto wa swala. Kilikuwa na miguu mirefu myembamba, kifua kirefu kilichoshuka chini, kiuno kilichobanwa kama cha nyigu, na masikio yaliyoning'inia yenye nywele laini ndefu. Rangi yake ilikuwa ya mchanga mkavu. Kiligeuza kichwa polepole, kikamtazama, kisha kikamwacha, kikatazama tena bonde.

"Huyo ni Rimu," Bwana Kosta alisema kutoka mlangoni. "Usiogope, mama. Habweki wala hang'ati."

"Ni mbwa?"

"Ni mbwa, tena jike. Kabila lake ni saluki. Waarabu wa jangwani humtumia kuwinda swala. Mbwa wetu hawa huwinda kwa pua, lakini huyu huwinda kwa macho."

Emerensiana aliweka kikapu chini. Neno lile lilimgusa. Akasimama kando ya mbwa, akatazama alikokuwa akitazama: ng'ambo ya bonde, kilima cha pili, vijia vyekundu kati ya migomba na mibuni. Hakuona kitu. Alikaza macho yale yaliyokuwa yakiogopwa kiwandani, lakini bado hakuona. Ilipita muda kama wa kusali Baba Yetu mara mbili, ndipo doa dogo likajitokeza kwenye kijia, likakua, likawa mtu anayesukuma baiskeli.

"Yesu wangu," alinong'ona. "Amenishinda."

Tangu siku hiyo hakumwona tena kama mbwa wa kawaida. Akichambua sampuli barazani, Rimu hulala karibu naye kwenye gunia, na mara kwa mara huinua kichwa. Naye huinua cha kwake. Wakati mwingine aliyeonekana alikuwa mwewe, wakati mwingine mbuzi aliyekata kamba katika kijiji cha mbali. Alijifunza kuona mbali akiwa na umri wa kuitwa bibi, mwalimu wake akiwa mnyama.

Bwana Kosta alimfundisha na matunzo. Rimu asile kabla ya kukimbia wala akitoka tu kukimbia, maana tumbo la mbwa wa aina ile huweza kujisokota likamuua. Ukanda wa shingoni uwe mpana, wa ngozi laini, kwa kuwa shingo yake ni nyembamba na ngozi yake ni kama karatasi. Alazwe pakavu na palaini, kwani hana nyama ya kulalia mifupa yake. Asifunguliwe palipo na mbuzi wa watu. "Akishaona kitu kinakimbia," mzee alisema, "masikio yake hufungwa. Utamwita mpaka ukauke koo. Hakudharau, hakusikii tu."

Mwezi wa Desemba kifua cha Bwana Kosta, ambacho siku zote kilikohoa, kilizidi. Madaktari wakamshauri aende akatibiwe Ulaya kwa dada yake. Asubuhi ya safari alipiga goti barazani, akashika uso wa mbwa kwa mikono miwili. Kisha akamkabidhi Emerensiana kamba.

"Kaa naye, Mama Emere, mpaka nirudi."

"Nitakaa naye, bwana. Mungu akutangulie."

Gari lake jeupe liliteremka kilima. Rimu alilitazama mpaka lilipopotea, na hata lilipopotea aliendelea kutazama. Emerensiana alingoja naye. Alijua kwamba mwenzake bado analiona.

Nyumbani, Wendelin alimpokea mgeni kwa kumzunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Mbwa gani huyu, mbavu kama ngazi?"

"Ndivyo alivyoumbwa."

"Basi aliyemuumba aliishiwa udongo."

Majirani nao hawakukawia. Wiki haikuisha mwenyekiti wa kitongoji, Pankras, akaja na kukohoa uani kwa heshima. "Mama, watu wanasema unamnyima mbwa wa Mzungu chakula." Emerensiana akamwalika aketi atazame. Rimu alikula sahani nzima ya ugali na maharage na vichwa vya usipa, wale dagaa wa ziwani, waliokaushwa, akalamba sahani, akajinyoosha, mbavu zake zote zikabaki palepale. Pankras aliondoka akitikisa kichwa, akawaambia watu kwamba ameshuhudia kwa macho yake, chakula kinaingia lakini hakijulikani kinakokwenda.

Baridi ya Umatengo ndiyo iliyomsumbua. Mwezi wa Juni ukungu ulipokaa mabondeni hadi saa nne, Rimu alitetemeka mpaka meno yakagongana. Emerensiana aliteremka Mbinga siku ya gulio, akapekua marundo ya mitumba, akapata sweta jekundu la mtoto lenye kola ndefu. Alikata mikono, akapunguza tumbo, akaongeza kipande cha flana kifuani. Watoto wa shule walipita njia ya kwao wiki nzima kumwona mbwa aliyevaa sweta. Wendelin alisema ni aibu, kwamba watu watadhani wamepata wazimu. Lakini asubuhi moja Emerensiana aliporudi kisimani alimkuta mumewe ameketi jikoni, mbwa amelaza shingo ndefu juu ya paja lake, na mzee mzima hathubutu kunyoosha mguu uliokufa ganzi.

"Amelala," Wendelin alisema kwa sauti ya chini. "Usifanye kelele na hizo ndoo."

Siku Wendelin alipomwona Rimu akikimbia ilikuwa mwezi wa Agosti, maharage yakiwa yameshavunwa. Mteremko wao, kama miteremko yote ya Wamatengo, ulikuwa umelimwa ngolo: mashimo mamia kwa mamia yaliyopangwa kama masega ya nyuki, kila shimo limezungukwa na matuta, ili mvua itulie humo isibebe udongo. Mtu hupita pale kwa uangalifu. Mbwa wa kijijini wakifukuza mnyama humo huanguka shimo la kwanza, la pili, na kwenye la tatu hukata tamaa.

Wendelin alikuwa amemshika kamba Rimu wakipanda kuangalia mibuni. Sungura akachomoka miguuni mwao. Kamba ikaondoka mkononi mwa Wendelin kabla hajajua kuwa alikuwa ameishika.

Emerensiana aliona yote kutoka chini. Rimu hakuingia shimo hata moja. Alikimbia juu ya matuta, na pale matuta yalipokatika aliruka, na kabla miguu ya nyuma haijatua ile ya mbele ilikuwa imeshachagua tuta jingine. Mgongo wake ulijikunja na kujikunjua kama upinde. Kuna nyakati miguu yote minne ilikuwa hewani, na kwa kitambo hicho alionekana ametulia tuli, kama mtu anayefikiri. Sungura alikata kushoto, naye akakata. Sungura akarudi, naye akarudi, mkia ukimwongoza kama usukani. Kilima kizima kilichowatoa jasho kwa siku ishirini za kulima kilipita chini yake kwa muda wa kuvuta pumzi tatu. Sungura aliponea kwenye tundu la kichuguu. Rimu alisimama juu ya tuta la mwisho, ulimi nje, amepigwa na jua.

Wendelin alikuwa amevua kofia. Hakukumbuka aliivua saa ngapi.

"Mke wangu," alisema alipoteremka, "mimi nimelima hapa tangu nikiwa kijana. Sikujua kwamba shamba hili laweza kukimbiwa hivyo."

Emerensiana alijifuta uso kwa khanga. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuweza kusema ni ya nini.

Bwana Kosta hakuwa amerudi msimu ule, wala hakukuwa na habari zake. Mwezi wa Oktoba, nchi ikiwa kavu na barabara ni vumbi tupu, Emerensiana alikuwa akitandaza mahindi juani, Rimu kando yake bila kamba. Mbwa akasimama. Emerensiana alitazama upande ule kwa mazoea. Chini kabisa, kwenye kona ya barabara ya Mbamba Bay, vumbi lilikuwa linapanda, na mbele ya vumbi kulikuwa na gari jeupe.

Alielewa papo hapo. "Rimu! Si yeye! Si yeye huyo!"

Masikio yalikuwa yameshafungwa. Mbwa aliteremka kilima kile kama maji yaliyofunguliwa, akafika barabarani, akageuka magharibi, na vumbi likammeza.

Lilikuwa gari la watu wa chanjo, likielekea ziwani. Emerensiana alichukua khanga, kibuyu cha maji na viazi vitano vya kuchemsha. Wendelin alikuwa Mbinga. Alimwachia ujumbe kwa jirani. Akashika njia kwa miguu.

Kila alipouliza alijibiwa, na kila jibu lilikuwa la ajabu. Mwanamke aliyekuwa akichota maji mtoni alisema ameona paa amepita akifuata gari. Wanaume waliokuwa wakifyatua tofali walisema si paa, ni mbwa, lakini miguu haikuwa ikigusa chini. Katekista aliyekuwa amekaa nje ya kigango alimsalimu, "Tumsifu Yesu Kristo," naye akaitikia, "Milele, amina." Kisha mzee yule akamwambia, "Binti yangu, gari lilikuwa limetangulia sana, hata mlio wake ulikuwa umepotea. Mnyama alikuwa bado anakimbia, peke yake, barabara nyeupe. Nimeishi miaka sabini na mitatu. Sijaona kiumbe anayetaka kitu namna ile."

Alilala Tingi kwa binamu ya mumewe. Kulipokucha aliendelea, visigino vimepasuka. Na kwenye kona moja baada ya Tingi nchi iliisha.

Lazima isemwe kwamba Emerensiana, aliyezaliwa Ukata na kuolewa kando ya barabara ile ile, hakuwahi kushuka ziwani. Samaki wa ziwani alikuwa akiwala tangu utotoni. Siku za anga safi, kutoka vilimani kwao, alikuwa ameshaona mstari wa buluu na kuambiwa ni Nyasa. Lakini sasa milima ilifunguka, na kile alichodhani ni mbingu kilikuwa maji. Yalianzia chini ya miguu yake na hayakuwa na mwisho. Milima ya ng'ambo ilikuwa kama moshi. Aliketi ukingoni mwa barabara. Alifikiri kuhusu mbwa aliyefika hapa jana yake, mwenye macho yale, akaona anga lote hili na ndani yake hakuna gari jeupe.

Alasiri alifika Mbamba Bay. Hakuuliza sana. Pwani kulikuwa na watu wamekusanyika kwenye nyumba ya mvuvi mmoja aitwaye Hamphrey na mkewe Restituta, Waanglikana, watu wa makamo wenye uso mpana wa ukarimu. Kwenye kivuli cha ukuta, juu ya mkeka, alikuwa amelala Rimu.

"Tulimkuta asubuhi majini," Hamphrey alisema. "Amesimama hadi kifuani, anatazama ng'ambo. Tulimwita hakugeuka. Nilimbeba mikononi kama mtoto. Ni wako, mama?"

"Niliachiwa nimtunze."

Rimu aliinua kichwa, akamtazama. Mkia uligonga mkeka mara moja, mara mbili. Nyayo zake zote nne zilikuwa zimechubuka hadi kwenye nyama, na paja la kushoto lilikuwa na mpasuko mrefu wa mti au waya. Restituta alikuwa ameziosha nyayo kwa maji ya chumvi na kuzifunga vitambaa. Lakini paja lilihitaji kushonwa, na bwana mifugo alikuwa safarini. Emerensiana akaomba sindano na uzi, wakavichemsha. Hamphrey alishika kichwa, Restituta miguu. Ngozi ile ilikuwa nyembamba kweli kweli, na Emerensiana aliishona kwa mishono midogo iliyotaka jicho kama lake. Rimu hakulia. Alitazama ziwa tu.

Emerensiana alikaa kwa watu wale siku tisa. Hakuwa na undugu nao wala hawakuwa wa dhehebu moja, lakini kufikia siku ya tatu Restituta alikuwa akimwita dada, na walikuwa wakianika usipa pamoja mchangani. Aliwavunja watu mbavu kwa vicheko alipowasimulia habari za sweta jekundu. Asubuhi na jioni alibadilisha vitambaa, akamlisha mbwa uji wa mihogo na samaki waliotolewa miiba, akamkanda mapaja kwa mafuta.

Siku ya tisa, nyayo zikiwa zimekauka, walimtembeza pwani polepole, kamba mkononi. Ulikuwa wakati wavuvi wamerudi na wanawake wamejaa ufukweni. Mchanga ulinyooka mbele yao mpaka kwenye mawe ya mbali. Kundi la ndege weupe lilitua ukingoni mwa maji, na kamba ikakazika.

"Mfungue, dada," Hamphrey alisema.

"Hataenda tena akapotea?"

"Huenda. Lakini mtazame."

Emerensiana alimtazama. Mwili mzima wa Rimu ulikuwa ukitetemeka, si kwa baridi. Akainama, akafungua ukanda.

Kule kilimani alikuwa amemwona akikimbia juu ya matuta yaliyomzuia. Hapa hapakuwa na kitu cha kumzuia. Mbwa alijirefusha, akajirefusha zaidi, mpaka ikawa vigumu kusema wapi anaishia yeye na wapi unaanzia upepo. Ndege waliruka, hakusimama, kwani hakuwa akiwataka tena. Alikimbia kwa kukimbia. Maji ya ukingoni yalitawanyika nyuma yake kama vioo. Wanawake waliokuwa wakigombania samaki walinyamaza. Mvuvi mmoja alisimama ndani ya mtumbwi wake bila kujua kwamba amesimama. Watu zaidi ya mia walikuwa pale, na kilichosikika ni mawimbi tu, na ile ngoma ndogo, nyepesi, ya nyayo zinazopungua sauti.

Akawa doa. Kisha hata Emerensiana hakumwona.

Alisali sala fupi. Hakuomba Rimu arudi. Alishukuru tu.

Kule kwenye mawe doa likatokea tena, likakua. Rimu alirudi kwa mwendo wa kuruka-ruka, amelowa, akapita katikati ya watu wote wale waliomwachia njia kama anavyoachiwa padre, akasimama mbele ya Emerensiana na kuegemeza ubavu wake wote magotini mwake. Moyo wake ulikuwa ukipiga kwa nguvu hata mama yule akausikia mifupani.

"Haya," Emerensiana alisema. "Twende nyumbani."

Walipata lori la wachuuzi wa samaki. Pale Tingi, dereva aliposimama kupoza injini, walimkuta Wendelin, amechoka kungoja, akija kwa miguu, blanketi begani na vumbi mpaka kwenye kope. Mtu wa mwisho aliyemuuliza alikuwa amemwambia kwamba mkewe yu hai, lakini kuhusu mbwa hana hakika. Wendelin alipanda lori, akamkagua mbwa mguu mmoja baada ya mwingine, akahesabu mishono ya paja, ndipo akakumbuka kumsalimu mkewe.

Barua ilifika kwa njia ya parokia wakati wa Pasaka, padre akaitafsiri. Dada yake Bwana Kosta aliandika kwamba kaka yake alifariki mwezi wa Agosti, na kwamba siku za mwisho alisema mara kwa mara, kwa Kiswahili ambacho hakuna aliyekielewa pale hospitali, maneno ambayo yeye aliyaandika kama alivyoyasikia: yuko pazuri, yuko pazuri. Emerensiana alimwomba katekista wa kwao amsomee mara ya pili. Kisha akatoka nje, akakaa na Rimu kwenye jua.

Mbwa aliishi miaka saba zaidi. Kila mwaka kahawa ilipokwisha kuvunwa, waliteremka ziwani pamoja na Wendelin, wakakaa wiki moja kwa Hamphrey na Restituta, na kila mwaka watu walitoka majumbani kuja kuona. Miaka miwili ya mwisho hakukimbia tena; alitembea ukingoni mwa maji, na watu bado walitoka. Alikufa usingizini, jikoni, kichwa chake kikiwa juu ya miguu ya Wendelin, na walimzika juu ya shamba.

Emerensiana bado hushuka ziwani baada ya mavuno. Hubeba kahawa aliyoikaanga mwenyewe, na Restituta humtengea usipa wa kwanza. Jioni moja mjukuu wa Restituta, aliyekuwa hajazaliwa siku zile, alimuuliza kama ni kweli alikuwapo mbwa aliyekimbia mpaka watu wakanyamaza.

"Alikuwapo," bibi yule alimjibu. "Nami nilimchania nywele za masikio kila Jumapili."